Shimo Lisilojaa

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mwanamke aliyekuwa mteja mkubwa wa dada yangu alifika na dumu la lita ishirini kichwani, akalitua, akafungua kifuniko na kulimwaga lote kwenye kizingiti cha nyumba. Mimi nilikuwa hapo kwa sababu nilikuja kuazima shoka, na saa niliitazama kwa mazoea tu. Pombe ya ndizi ilipita chini ya mlango, ikalowesha mkeka, na harufu yake ikapanda. Haikuwa harufu ya pombe iliyochacha kupita kiasi. Ilikuwa harufu ya nepi ya mtoto iliyosahauliwa ndani ya beseni kwa siku tatu.

"Nusa," alimwambia dada yangu. "Watu saba ya kwangu wanaharisha tangu juzi. Moja iko hospitali."

"Wamekunywa yangu peke yake?"

"Na ya nani ingine? Miaka mbili sijanunua kwa mutu mwingine. We mama, ulitia nini mule?"

Dada yangu alikuwa ameshika ufagio. Hakuuweka chini. "Ndizi, maji, na unga ya mutama. Kama siku zote."

"Siku zote haikulalisha watu chini. Mi siji tena. Na kule barrière watasikia."

Alilibeba dumu tupu, akashuka barabarani bila kudai pesa yake. Hilo la kutodai pesa ndilo lililonitisha. Mtu anayedai pesa bado anataka biashara.

Mwanamke huyo alikuwa anavuka mpaka pale Petite Barrière kila siku ya Mungu, na upande wa Goma alikuwa na nyumba ya kuuzia pombe. Yetu sisi tunaiita urwagwa, wao wanaiita kasikisi. Dada yangu alikuwa mjane wa miaka hamsini, mwenye mabinti wawili shuleni na kipande cha migomba kisichofika nusu ya uwanja wa mpira. Bila pombe ile angebaki na maharagwe. Lakini hatari kubwa haikuwa maharagwe. Kwetu, mwanamke anayepika pombe anaishi kwa jambo moja tu, kwamba watu wanakubali kuweka mdomo kwenye kitu kilichopita mikononi mwake. Akishasemwa kuwa anatia sumu, hakuna baraza linalomwita kumhukumu na hakuna baraza linalomsafisha. Watu wanaacha kuingia kwake. Wanaacha kumwomba moto. Wasichana wake hawaposwi. Mwishoni anahama, na nyumba inabaki na jina lake baya hata akikaa ndani mtu mwingine. Nilikuwa nimeyaona hayo mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili hakuna aliyewahi kuonyesha sumu yenyewe.

Kufikia mchana neno lilikuwa limeshafika kijijini kwetu juu.

Inafaa nieleze kijiji hicho. Vita vya huko vilimani vilikuwa vimetutoa majumbani, tukakaa kambini chini ya shitingi, yale maturubai ya bluu ya msaada, na tuliporuhusiwa kurudi hatukurudishwa kwenye nyumba za zamani. Tulipewa viwanja vilivyopangwa kwa mstari, nyumba arobaini, upande huu wa Cyanzarwe. Udongo mzuri uliachiwa viazi, jambo la busara, na watu wakawekwa juu ya mwamba mweusi wa lava ambako hata mchicha haushiki. Mwamba huo ukiupiga mtaimbo kutwa nzima, jioni una shimo la kuzikia kuku. Dada yangu alinusurika kuhamishwa kwa sababu nyumba yake ilikuwa tayari kando ya barabara, chini, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwetu, karibu na chemchemi pekee ya eneo lile.

Amri ilikuja kwamba kila nyumba iwe na choo kabla ya mvua. Watu walitii kwa namna yao. Walijenga vibanda vizuri vya mawe, wakaweka milango, wakaweka na kifuniko cha mbao chenye mpini, na chini ya kifuniko palikuwa na mwamba. Wakaguzi walifungua mlango, wakaona kifuniko, wakaandika. Haja zenyewe watu walizipeleka kwenye mashamba ya viazi ya wenzao. Asubuhi njia ya kwenda shambani ilipitwa kwa kurukaruka, na ukikutana na jirani anatoka kati ya matuta mlisalimiana huku kila mmoja akitazama pembeni. Viazi hivyo tulivichimba kwa mikono na kuvila. Naandika hivi kwa sababu baadaye watu walisema kwamba zamani tulikuwa safi.

Mimi nilikuwa karani wa usafi wa kijiji. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa nilikuwa na futi ya chuma na daftari. Shule niliiacha darasa la tano. Yaliyobaki nilijifunza katika miaka kumi na sita ya kutunza bohari ya vifaa vya ujenzi Goma, kwa kusoma maandishi ya mifuko ya saruji, orodha za bei, na kitabu kimoja cha Kifaransa cha uashi kilichokosa kurasa arobaini za mwanzo. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nilijiona mtu anayepima kabla ya kusema.

Siku moja, zaidi ya mwaka kabla ya lile dumu kumwagwa, mwashi wa kijiji, mtu mcheshi mwenye mikono kama makasia, alikuwa anapasua mwamba nyuma ya nyumba yake. Mtaimbo ukazama. Haukukwama wala kuinama. Ulizama, ukamponyoka, na hakuusikia ukianguka. Alikuja kwangu akikimbia.

"Karani, kuja na kamba yako. Nimetoboa dunia."

Nilifunga jiwe kwenye kamba nikaliteremsha. Nilikuwa na mita kumi na nane za kamba, na zote zilikwisha jiwe likiwa bado linaning'inia. Hewa baridi ilitoka ndani, kavu, isiyo na harufu yoyote. Tulifuata ufa kwa kugonga juu ya mwamba na kusikiliza, tukaona unakwenda mita thelathini na kitu chini ya kijiji, kama bomba. Jioni hiyo niliketi na daftari. Nilichukua watu wa nyumba arobaini, nikakadiria kila mmoja anatoa nini kwa siku, nikazidisha, nikagawa kwa ukubwa niliodhani shimo linao, nikapata kwamba halitajaa kwa miaka mia mbili na kumi. Niliwasomea hesabu hiyo mkutanoni. Walipiga makofi. Sikuwahi kupigiwa makofi kabla ya siku ile, na sina budi kukiri kwamba niliisoma mara mbili.

Tulijenga vyoo vinane juu ya ufa, kwa mstari, vyenye sakafu ya saruji. Mwashi alisema choo hiki hakishibi, kina tumbo kama la konseye, na konseye mwenyewe, ambaye ndiye mkubwa wa sekta yetu, alicheka kwa kuwa alikuwa anazindua. Tulishinda mashindano ya usafi. Tulipewa toroli jipya na katoni ya sabuni, na mimi nikashikana mikono na watu waliokuja na gari.

Kitu kisichojaa kinawafanya watu wakose adabu. Hilo nililiona mapema na sikuliandika popote. Mwanzoni waliingiza haja tu. Halafu wakaingiza maji ya kuoshea nguo, maganda, matumbo ya mbuzi siku za sherehe, kuku waliokufa kwa kideri, matambara ya wagonjwa. Mbwa wa jirani yangu alipokufa hakuzikwa. Alisukumwa ndani kwa mti wa ufagio, na mwenye mbwa akatoka akijifuta mikono kwenye suruali, akaniuliza habari za asubuhi. Nilijibu nzuri. Mtu ambaye angeona aibu kutupa taka kwenye ua wa mwenzake alizitupa mle bila kuwaza, kwa sababu hazikuonekana tena wala hazikunuka. Sisi sote tulikuwa tumeamini kwamba kisichonuka hakipo.

Basi, siku ile ya dumu kumwagwa, dada yangu hakulia wala hakunilalamikia. Alisema, "Kaa chini, tuangalie kimoja kimoja." Katika kazi yake alikuwa makini kuliko mimi katika yangu. Tuliangalia ndizi zilizokuwa zikiiva juu ya dari ya jiko. Tuliangalia nyasi za kukamulia, zilikuwa mbichi za asubuhi. Mtumbwi wa mbao wa kukamulia ulikuwa umesuguliwa kwa majivu. Unga wa mtama uliokaangwa aliulamba mbele yangu, nami nikaulamba. Yalibaki maji. Pombe ya ndizi haichemshwi. Juisi inatiwa maji jinsi yalivyo, inatiwa unga, inaachwa siku mbili tatu. Kama maji yana kitu, pombe inacho.

"Haya maji ninachemsha na kunywa tangu nimeolewa," alisema.

"Yana harufu?"

"Mvua ikinyesha kubwa, wiki hizi, yanatoka na rangi kidogo. Nilisema ni udongo."

Alichukua kitambaa cheupe cha kuchujia, akakifunga kwenye mdomo wa bomba la mwanzi ambamo chemchemi inatokea, akakiacha hadi saa nane mchana. Tulikifungua pamoja. Ndani kulikuwa na ute wa rangi ya kijivu, mzito, unaovutika kidoleni. Kulikuwa na nywele, sijui za mtu au za mnyama. Kulikuwa na maganda ya maharagwe yaliyopita tumboni mwa mtu, na manyoya mawili ya kuku. Na kulikuwa na kipande cha shitingi ya bluu, kidogo kuliko kiganja, kilichoshonwa ukingoni kwa uzi wa gunia.

Dada yangu alikiinua kwenye mwanga. Aliuliza, "Juu yangu huku hakuna nyumba. Ni mwamba tu. Hii imetoka wapi?"

Nilijua. Nilijua hapo hapo, kabla hajamaliza kuuliza. Nilisema sijui.

Nilikaa na jibu hilo siku tisa. Ningeweza kusema kwamba nilitaka uthibitisho kwanza, na kweli niliandika hivyo kwenye daftari: kuthibitisha. Lakini sikuthibitisha chochote siku hizo. Nilipita mbele ya vyoo vinane, nikaingia kimojawapo kama kila mtu, nikatoka. Kijijini watu walikuwa wanakunywa maji ya mvua ya mabati, kwa hiyo matumbo yao yalikuwa salama na vinywa vyao vilikuwa na nafasi. Jirani mmoja aliniambia, "Pole na dada yako. Lakini mimi nilijua. Mwanamuke asiye na mume anauza pombe kila wiki, anapata nguvu wapi?" Wakati wa kiangazi jirani huyo alikuwa anateka maji pale pale chemchemini. Ningemwambia hilo angetapika. Sikumwambia.

Siku ya tisa shemeji wa dada yangu, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa anampa mtoto wake jina. Kwetu siku hiyo watoto wa majirani wanaitwa kulima kidogo kwenye kipande cha shamba, wanapewa chakula, na kila mmoja anapendekeza jina. Wakubwa wanakaa duara na pombe. Dada yangu alileta chungu kimoja. Asingeweza kutokuja, na asingeweza kuja mikono mitupu. Asubuhi alikuwa ameniambia jinsi alivyokitengeneza: alikinga maji ya mvua kwenye bati, akayachemsha, akayapoza, akayachuja. Kazi hiyo ilikuwa imemmalizia kuni za wiki.

Anayeleta pombe anaonja kwanza. Hiyo ndiyo desturi, na kila mtu anajua ni kwa sababu gani ingawa hakuna anayesema. Dada yangu aliweka mrija mdomoni, akavuta, akameza, watu wakaona koo lake likishuka. Alifuta mrija, akampa bibi wa mtoto aliyekuwa upande wake wa kulia.

Bibi aliushika mrija kwa vidole viwili. "Tumbo yangu leo haiko sawa," alisema, akaupitisha.

Wa pili alisema ameacha pombe. Wa tatu alisema anatoka kunywa sasa hivi. Wa nne aliupitisha tu. Mrija ulizunguka duara lote, kwa heshima, kila mmoja akiushika kidogo na kuutoa kama mtu anayepokea kitu cha moto. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa na sura za kumwonea huruma, na huruma ile ilikuwa chafu kuliko kile kitambaa.

Mimi nilikuwa wa mwisho kabla haujarudi kwake. Mimi peke yangu katika duara lile nilijua kwamba pombe ya chungu kile ilikuwa safi kuliko chochote kilichonywewa kilimani mwezi ule. Niliushika mrija. Nikaona ule ute wa kijivu unavyovutika kidoleni.  Nikampa dada yangu mrija wake bila kuugusisha mdomoni.

Alinitazama mara moja tu. Kisha akavuta tena, kwa utulivu, akanywa kama mtu mwenye kiu, akaufuta, akauweka juu ya chungu. Mtoto akapewa jina. Saa kumi alibeba chungu chake kikiwa kimejaa, akarudi nyumbani, na mlangoni shemeji yake alimshukuru kwa kuja.

Siku iliyofuata nilishuka mjini Gisenyi, sokoni, nikanunua rangi ya unga, ile ya zambarau ambayo wanawake wanatia kwenye mkonge wa kusukia vikapu. Nilinunua pakiti ishirini, muuzaji akaniuliza kama naanza kiwanda. Asubuhi ya pili yake nilimwomba dada yangu akae chemchemini na beseni jeupe na asiondoke. Sikumweleza sababu. Saa moja na dakika tano nilikoroga rangi yote kwenye dumu, nikaimimina kwenye choo cha tatu, nikafuatisha madumu kumi ya maji ya pipa langu. Mwashi alinikuta nikimwaga la saba.

"Karani, sasa unaosha mavi?"

"Napima."

"Unapima nini? Si ulishapima?"

Nilishuka kwa dada yangu, nikihesabu hatua. Zilikuwa mia nane na arobaini. Tulikaa tukilitazama beseni. Saa nne kasoro dakika kumi maji yaliyoanguka kwenye beseni yalipata rangi ya waridi, hafifu sana, mpaka nilidhani ni macho. Baada ya dakika tano yalikuwa ya zambarau kabisa. Yaliteremka kwenye mfereji, yakapita kwenye mawe ambayo wanawake hufulia, yakaingia kwenye majimbi ya watu. Nilikuwa na haki ya kufurahi kama mtu aliyepata jibu sahihi. Sikufurahi.

Nilimwambia yote: ufa, kamba, hesabu ya miaka mia mbili na kumi, makofi, mbwa. Nikamwambia pia zile siku tisa.

Alimwaga beseni. "Ulipima inakwenda chini namna gani," alisema. "Haukuuliza inatokea wapi. Mutu yeyote anayebeba maji angekuuliza hiyo."

"Ni kweli, yaya," nilisema, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Na juzi ulijua."

"Nilijua."

"Basi panda uwaambie. Usiniambie mimi."

Jumamosi, baada ya kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara, watu walikaa kwenye nyasi kama kawaida na mimi nikaomba neno. Niliwaeleza kwa utaratibu: saa ya kumwaga, saa ya kutokea, umbali, rangi. Wengi walikuwa wameshaiona rangi kwenye majimbi na walikuwa wanangoja kujua ni ya nani. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba jambo lililothibitishwa linakubaliwa.

Mwashi alisimama wa kwanza. "Bon. Rangi imepita. Rangi ni nyepesi, inapita popote. Mavi ni kitu nzito. Inabakia chini."

"Yako ndiyo nzito," mtu alisema nyuma, na wakacheka.

Mkubwa wa kijiji aliuliza kama nilikuwa na ruhusa ya kutia rangi kwenye maji ya watu. Mwingine akasema kwamba hapo ndipo mambo yanapoeleweka, kaka na dada, huyu anatia kwenye pombe na huyu anatia kwenye chemchemi. Hakulisema kwa mzaha. Niliona vichwa vikiitikia. Mmoja alikumbusha toroli: kama watu wa gari wakisikia kwamba vyoo ni vibaya, si watalichukua? Hilo liliwagusa kuliko yote. Walijadili toroli kwa muda mrefu kuliko walivyojadili maji.

Nilitoa kitambaa. Nilikuwa nimekifunga ndani ya mfuko wa nailoni, na nilipofungua waliokaa mbele walirudi nyuma. Nilieleza kimoja kimoja kilichokuwemo. Waliziba pua. Nilipoinua kile kipande cha shitingi, mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha, mke wa jirani yangu mwenye mbwa, aliinuka.

"Leta nione."

Alikigeuza. Alipitisha ukucha kwenye uzi wa gunia.

"Hii iko ya kwangu," alisema. "Niliikata kambini, nikaifanya ya kulazia mutoto. Nilishona mwenyewe. Ilipoharibika nilitupa kwa choo, hapa, siku ya mvua." Akamgeukia mwashi. "Rangi ni nyepesi. Na hii? Ilitembea?"

 Kilichowashinda hakikuwa saa zangu wala hatua zangu mia nane na arobaini. Kilikuwa uzi wa mwanamke mmoja aliyejua mkono wake. Kisha nikaona jambo lile likiingia ndani yao, uso kwa uso. Walianza kukumbuka kiangazi kilichopita, madumu waliyopandisha kutoka chemchemini, chai, uji wa watoto. Mzee mmoja aliondoka kwenye duara na tukamsikia akitapika nyuma ya ukuta wa mawe. Mwashi alikaa chini. Aliuliza, safari hii bila utani, "Sasa tutakunya wapi?"

Tuliziba vyoo vinane kwa saruji wiki ile. Tulijenga vya kuinuka juu ya mwamba, vyenye ngazi tatu na kuta nene, na kila nyumba ikawajibika kupandisha udongo na majivu ya kufunikia. Vilinuka. Vilijaa. Watu walivilalamikia, na kila mara walipovilalamikia walinitazama mimi. Chemchemi ilichukua mvua kadhaa kabla ya kitambaa cha dada yangu kutoka cheupe.

Hakuna aliyekwenda kumwomba msamaha. Nilitegemea angalau bibi wa mtoto angekwenda. Walipata usemi wa kuwatosha: walisema chemchemi iliugua, sasa imepona, kana kwamba maji yalipatwa na homa yenyewe. Jina lake halikusafishwa. Waliacha tu kulitaja. Jirani yangu, yule aliyejua tangu mwanzo, alikwenda kuazima mtumbwi wake wa kukamulia, akaurudisha bila kuuosha.

Mimi niliandika barua kwa mwanamke wa barrière, kwa Kiswahili, nikieleza yaliyotokea na kwamba kosa lilikuwa la shimo na la aliyelipima. Niliipeleka mwenyewe hadi kwenye foleni ya wabeba mizigo na kumsomea, kwa sababu alisema hana miwani. Alisikiliza huku anatazama mbele.

"Nimesikia," alisema. "Lakini watu yangu hawasomi barua."

Alirudi kwa dada yangu wiki tisa baada ya kumwaga lile dumu. Hakuingia ndani. Alisimama nje na madumu mawili matupu.

"Nitachukua, lakini kwa elfu moja mia tisa."

Bei ya zamani ilikuwa faranga elfu mbili mia nne kwa dumu. Dada yangu aliniangalia, mimi nilikuwa natengeneza bawaba ya mlango, na nilikuwa tayari kusema. Alinizuia kwa kichwa.

"Onja kwanza," alimwambia.

"We onja."

Dada yangu alionja, akangoja. Mwanamke yule alipokea kikombe, akakinusa mara mbili, akanywa nusu, akangoja kama anasikiliza tumbo lake. Akamalizia.

"Ni nzuri," alisema. "Elfu moja mia tisa."

"Sawa," dada yangu alisema, na akamjazia.

Nilimwuliza baadaye kwa nini hakukataa bei ile ya kumdhalilisha. Alisema hakuwa anauza pombe siku ile. Alikuwa anataka mtu mmoja aonekane barrière akiwa ameibeba yake kichwani, na kwa hilo angetoa hata bure. Nilichukia kwamba alikuwa sahihi. Mwezi uliofuata wanawake wengine wawili walikuja, nao kwa bei ile ile, na bei ya elfu mbili mia nne hatukuiona tena mwaka ule.

Niliketi nikafanya hesabu, mara hii bila kumsomea mtu. Madumu tisa yaliyokuwa yamebaki jikoni siku ile, ambayo dada yangu aliyamwaga mwenyewe, yalikuwa faranga elfu ishirini na moja na mia sita. Wiki tisa bila kuuza, kwa faida ya elfu nne mia nne aliyokuwa akipata kila wiki, zilikuwa elfu thelathini na tisa na mia sita. Bei iliyoshushwa sikuiingiza, kwa kuwa hiyo alisema aliitoa mwenyewe. Jumla aliyopoteza dada yangu kwa kipimo changu ni faranga elfu sitini na moja na mia mbili.